Wazee wa Ewelme analipia nani? Jibu kwa dada wa kea aliyeko Oxfordshire

Swali lenyewe limetoka kwa dada mmoja anaefanya kazi ya kea huko Uingereza. Ameandika hivi: "Mwalimu shikamoo. Bibi ninaemhudumia aliniomba nimpeleke kijiji kinaitwa Ewelme akaone kanisa la zamani. Tulipotoka mlango wa nyuma kuna ngazi, ukishuka unakuta nyumba za matofali zimezunguka uwanja mdogo, wazee wanaishi humo na maua yao. Bibi akaniambia hizi ni nyumba za sadaka, zimejengwa na mjukuu wa mshairi Chaucer karibu miaka 600 ilopita, na mali ya huyo mama ndo inaziendesha mpaka leo. Sijaelewa. Hela ya mtu aliekufa zamani hivo haiishi tu? Serikali hailipi? Hii si wakfu kama wetu wa Lamu? Na wazee wanalipa kodi au wanakaa bure?"

Marahaba dada. Bibi yako kasema kweli, tena kakupeleka pahali pazuri kuliko sehemu nyingi wanazopelekwa watalii. Jibu fupi ni kwamba mama yule hakuacha hela, aliacha ardhi, na ardhi haiishi. Ila kuna jambo moja ambalo nadhani hata bibi hakukwambia, nalo ndo linafungua kila kitu: wazee wa mwanzo wa pale hawakuwa wanapewa sadaka kama unavoielewa wewe, walikuwa wameajiriwa. Walikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuomba dua. Baadae kazi ikapigwa marufuku na serikali, mshahara ukabaki. Ngoja nikueleze taratibu.

Ewelme ni kijiji kidogo karibu na Wallingford, watu kama elfu moja, na kijito chenye maji safi kinapita katikati ambacho zamani walikuwa wanalimia mboga ya majini ya kuuza sokoni. Mwaka 1400 na kitu kijiji hicho kilikuwa mali ya mama mmoja aitwae Maud Burghersh, kakirithi kwao, akaolewa na Thomas Chaucer, mtoto wa yule mshairi Geoffrey. Huyu Thomas hakuwa mshairi kabisa, alikuwa mtu wa siasa na biashara, kawa spika wa bunge mara tano, akafa tajiri mwaka 1434. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, Alice.

Huyo Alice maisha yake ni sinema. Waliomuoa ni watatu. Wa kwanza aliozwa bado mtoto, mume akafa 1415 huko Ufaransa vitani Harfleur. Wa pili alikuwa Earl wa Salisbury, akapigwa kombora Orléans mwaka 1428 akafa kwa jeraha. Wa tatu ndo William de la Pole, Earl wa Suffolk, baadae akapandishwa kuwa Duke, na ndie aliekuwa anamwendesha mfalme Henry wa Sita atakavyo. Kwa hiyo ifikapo 1437 una mke na mume wenye ardhi mikoa kibao, wana nguvu Ikulu, na wana hofu ile ile waliyokuwa nayo matajiri wote wa Ulaya enzi zile: nikifa nitakaa toharani muda gani?

Hapa lazima uelewe dini yao ya wakati ule, Ukatoliki wa kabla Uingereza haijajitoa kwa Papa. Waliamini roho ya marehemu inasafishwa kwanza kabla ya kuingia peponi, na dua za walio hai zinapunguza muda wa kusafishwa, na dua ya maskini inapokelewa haraka zaidi. Sasa tajiri akifikiria hivo anafanya nini, anatafuta maskini wa kumuombea kila siku bila kukosa, milele. Na ukitaka mtu afanye kazi milele lazima uwe na njia ya kumlipa milele.

Tarehe 3 Julai 1437 wakapata laiseni ya mfalme. Kwanini laiseni? Manake tangu 1279 sheria ya Uingereza ilikuwa inakataza ardhi kuingia kwenye taasisi isiyokufa bila ruhusa ya mfalme. Mtu wa kawaida akifa mfalme anapata ushuru, akiacha mtoto mdogo mfalme anashika mali, akifanya uhaini inataifishwa. Taasisi haifi, haizai, haifanyi uhaini, kwa hiyo mfalme anakosa kila kitu, ndo maana wakaita kumilikiwa na mkono wa maiti, yaani ukishashika hauachii. Alice na mumewe wakaruhusiwa, wakaweka mali tatu: Marsh Gibbon mkoa wa Buckinghamshire, Conock mkoa wa Wiltshire, na Ramridge mkoa wa Hampshire. Ona akili hapo, hakuna hata moja iliyo Ewelme penyewe. Mapato yanatoka kwa wakulima wa mbali, yanakuja kuwalisha wazee 13 na mapadri wawili, mmoja msimamizi wa nyumba na mwingine mwalimu wa shule.

Kanuni zake ziliandikwa miaka kama kumi hivi baadae na mi nikizisoma naona kabisa mkataba wa ajira. Wazee wawe maskini kweli, wanyonge, wenye tabia njema. Kila mmoja apate kichumba chake mwenyewe chenye jiko la moto ale, anywe na apumzike peke yake, jambo ambalo kwa maskini wa karne ile lilikuwa anasa, watu walikuwa wanalala familia nzima chumba kimoja na mbuzi. Wavae joho lenye msalaba mwekundu kifuani. Waende kanisani kila siku, tena mara kadhaa, na waombe kwa kumtaja mfalme, bwana William na bibi Alice kwa majina. Anaechelewa anakatwa posho. Mlevi, mgomvi, mtu wa kuzurura, anaonywa, akikaidi anatolewa. Posho yenyewe ilikuwa peni 14 kwa wiki, na yule mzee mmoja aliechaguliwa kuwa kiongozi wa wenzake, wa kupiga kengele na kuangalia nani kaja nani hakuja, alipata 16. Kibarua wa shamba wakati huo alikuwa anapata kama peni 4 kwa siku, kwa hiyo mzee alikuwa analipwa kama siku tatu na nusu za kibarua, na nyumba juu yake. Sio hela mbaya kwa mtu asieweza tena kushika jembe.

Mwalimu nae alikuwa analipwa pauni 10 kwa mwaka na asidai ada kwa mtoto yeyote wa pale wala wa zile mali za mbali. Somo lenyewe lilikuwa sarufi, na sarufi maana yake Kilatini, hakuna ujanja. Lile jengo refu la matofali pale pembeni uliloona ndo shule yenyewe, na mpaka leo ni shule ya msingi ya serikali, wenyewe wanajisifu hakuna shule nyingine ya serikali inayotumia jengo lake lile lile kwa muda mrefu hivo. Nikikutana na mtu ananiambia shule ya kijijini ni kitu cha juzi namtuma Ewelme.

Sasa usidhani Alice alikuwa malaika. Mumewe alilaumiwa kwa kupotea kwa ardhi za Ufaransa, bunge likamshtaki 1450, mfalme akajaribu kumuokoa kwa kumpeleka uhamishoni miaka mitano, meli yake ikakamatwa baharini na tarehe 2 Mei wakamteremsha kwenye kimashua wakamkata kichwa kwa upanga wenye kutu, mwili wakautupa mchangani Dover. Alice mwenyewe akashtakiwa mwaka uliofuata, akashinda. Akaendelea kuwa mjane mwenye meno. Kuna familia moja ya Norfolk, akina Paston, barua zao zimehifadhiwa na zinasomwa mpaka leo, na humo utaona walivokuwa wanamlalamikia yeye na mwanae kwa kuwanyang'anya mashamba, mpaka mwaka 1465 watu wa huyo mwanae wakaivunja nyumba yao ya Hellesdon na kupora hata kanisa. Mama huyo huyo anaelipa wazee 13 wamuombee! Mi sioni mgongano hapo, naona mtu anaejua anadaiwa.

Alikufa 1475 na kaburi lake liko pale pale, karibu na kanisa dogo la pembeni ambalo wazee walikuwa wanasalia. Ukirudi, nakuomba uangalie vizuri. Juu amelala yeye kwa mawe ya alabasta, amevaa kitawa, taji kichwani, na mkono wa kushoto kafungwa utepe wa heshima ya Garter, ile nishani ya juu kabisa ya wafalme wa Uingereza. Chini yake, nyuma ya kimia cha mawe, kuna sanamu ya pili, hiyo hiyo Alice ila ni maiti, mbavu nje, ngozi imekauka, nywele zimemwagika. Na juu ya uso wa hiyo maiti, kwenye dari ndogo ambayo mtu akisimama haioni, kuna picha za rangi: malaika anampasha habari Bikira Maria, kisha Maria Magdalena na Yohana Mbatizaji. Kuziona inabidi ulale sakafuni kabisa uchungulie. Picha zile hazikuchorwa kwa ajili ya wageni, zilichorwa azione yeye. Ndo nakwambia huyu mama alikuwa serious na hayo mambo ya toharani.

Haya, likaja zilzala. Wajukuu wa Alice walikuwa na damu ya kifalme kwa upande wa mama, kwa hiyo wafalme wa ukoo wa Tudor, waliokuwa wanatawala wakati huo, wakawaogopa. Mmoja akafa vitani 1487, mwingine Edmund mali zake zikataifishwa na kichwa kikakatwa 1513, na mwingine Richard akafa vitani Pavia 1525 akipigania Ufaransa. Miaka 50 baada ya bibi kuzikwa ukoo ukawa hauna kitu, Ewelme imekuwa mali ya mfalme. Halafu Henry wa Nane akajitenga na Papa, na mwaka 1547, enzi ya mwanae Edward, ikapita sheria ya kufuta taasisi zote za kuwaombea wafu, mali zake ziende serikalini. Walisema toharani haipo, kwa hiyo kumlipa mtu akuombee ni ushirikina. Nchi nzima zilifungwa taasisi kwa maelfu, na nyumba nyingi za wazee na shule zilizokuwa zimefungamana nazo zikaenda na maji.

Ewelme ikapona. Mi naona sababu ni mbili. Kwanza ilikuwa na wazee wa kula na watoto wa kufundisha, haikuwa padri mmoja anaeimba misa peke yake, na serikali ilikuwa inaona haya kuwatupa vikongwe barabarani. Pili, ulezi wa ile taasisi ulikuwa umeshaangukia mikononi mwa mfalme mwenyewe pamoja na kijiji, na cheo cha msimamizi kikawa kitu kizuri cha mfalme kumzawadia mtu wake. Nani atavunja kibuyu chake mwenyewe. Kwa hiyo wakafuta dua ya wafu, wakaacha posho. Kama Alice angefufuka mwaka 1550 nadhani angelia, kile alichokuwa ananunua kimeondolewa, na kilichobaki ni ile gharama.

Mwaka 1617 mfalme James wa Kwanza akafanya jambo la ajabu kidogo, cheo cha usimamizi akakiunganisha na uprofesa wa kifalme wa udaktari Chuo Kikuu cha Oxford. Yaani ukiwa profesa mkuu wa tiba unakuwa moja kwa moja msimamizi wa wazee wa Ewelme, maana mshahara wa profesa ulikuwa mdogo na hii ilikuwa njia ya kumwongezea bila mfalme kutoa mfukoni. Wengi kwa miaka mingi walikula tu. Lakini mpango huo ukaja kuleta heri bila kukusudiwa. Profesa Henry Acland, alieshika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850, alikuwa daktari aliepambana na kipindupindu Oxford mwaka 1854, alijua maji machafu yanaua. Kwenda kukagua mali ya taasisi huko Marsh Gibbon, wale wakulima ambao kodi zao zilikuwa zinawalisha wazee wa Ewelme tangu 1437, akakuta wanaishi vibanda vibovu na maji mabaya. Akasukuma nyumba mpya zijengwe, maji na usafi virekebishwe. Hiki kipengele watu hukiruka wakisifia sadaka za zamani: kila posho ya mzee wa Ewelme ilikuwa inatoka jashoni mwa mpangaji maskini wa Marsh Gibbon, na kwa miaka 400 hakuna aliemuuliza hali yake.

Baadae akaja William Osler, profesa kuanzia 1905, daktari maarufu kuliko wote wa wakati wake, na yeye alipapenda Ewelme kikweli, alikuwa anaenda kukaa vyumba vya msimamizi na kupiga soga na wazee.

(Kuna na kituko cha Gladstone. Ukasisi wa kanisa la Ewelme nao ulikuwa umeunganishwa na uprofesa wa dini, ukaja kutenganishwa 1871 kwa sharti kwamba kasisi awe mtu wa Oxford. Waziri mkuu Gladstone alitaka kumpa mtu wa Cambridge, basi wakamsajili Oxford kwanza fasta ndo akateuliwa, 1872 bunge likachafuka. Ni habari ndefu, tuiache.)

Turudi kwenye swali lako la hela. Siku hizi ni trasti, ina wadhamini, inakaguliwa na tume ya serikali ya mambo ya hisani iliyoundwa 1853, na bado ina ardhi kubwa Marsh Gibbon. Kodi za ardhi na nyumba hizo ndo zinatunza lile paa la vigae uliloliona. Serikali hailipi uendeshaji, kazi yake ni kuangalia mali isiliwe. Nyumba zenyewe zimebadilishwa ndani, vile vichumba 13 vimeunganishwa vikawa nyumba chache zaidi ili kila moja iwe na jiko na bafu, huwezi mwaka huu kumwambia mzee akachote maji kisima cha uani. Na hakuna anaelazimishwa kuomba dua.

Wanalipa? Kwa utaratibu wa nyumba hizi nchini kote, na ziko nyingi, zinakaliwa na watu zaidi ya 30,000, mzee hasaini kodi kama mpangaji. Anatoa mchango wa matengenezo kila wiki, ambao kawaida uko chini ya bei ya soko, na akiwa hana uwezo anaweza kuombea msaada wa nyumba wa serikali uulipe. Tofauti sio ya jina tu. Kisheria yeye ni mnufaika wa hisani anaekaa kwa ruhusa, kwa hiyo hana zile kinga zote za mpangaji, akivunja masharti wadhamini wanaweza kumtoa kwa kufuata utaratibu. Wewe ukiwa kea wa mtu wa namna hii, karatasi ya kuangalia ni ile barua ya kupewa makazi, ndo yenye masharti ya wageni, ya kulala mlezi ndani, na nini kitatokea afya ikizidi kuharibika. Nyingi hazina wauguzi, zinataka mtu anaejimudu.

Kuhusu wakfu, dada, umegusa penyewe. Mali inafungwa haiuzwi haiirithiwi, mapato yanakwenda kwa waliotajwa, na mwangalizi ni mtu mwingine kabisa, kwetu tunamwita mutawalli. Yupo mtafiti wa sheria, Monica Gaudiosi, aliandika mwaka 1988 kwamba huenda hata Chuo cha Merton pale Oxford, cha karne ya 13, kilijengwa kwa kuiga wakfu waliouona Wazungu nchi za Kiislamu. Wengine hawakubali. Mi nasema inawezekana, ila ushahidi wa moja kwa moja haupo, usiende kumwambia bibi kama ni jambo lililothibitishwa.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Mwaka 1894 mahakama ya juu ya dola ya Uingereza, Privy Council, iliamua kwenye kesi ya India kwamba wakfu ambao kwanza unanufaisha familia ya mtoaji, na maskini wanafikiwa mwisho kabisa wa safari, sio hisani ya kweli kwa hiyo ni batili. Wahindi Waislamu wakapiga kelele mpaka ikatungwa sheria ya 1913 kuirekebisha kwao. Lakini kwetu pwani hukumu ile ikaendelea kutumika, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 Privy Council ikairudia tena kwenye kesi ya familia moja kutoka Kenya, na Kenya nayo ikabidi itunge sheria yake. Mashamba ambayo mzee aliwawekea wanawe na wajukuu, na baada yao msikiti na mafakiri, majaji wakasema hii ni ubinafsi tu umevaa kanzu. Na hao hao nchini kwao wana Ewelme, iliyoanzishwa na mke na mume wakitaka wazee 13 wawataje wao kwa majina kila siku mpaka kiama, na hakuna jaji aliewaita wabinafsi. Tofauti waliyoitaja kisheria ipo, maskini wa Ewelme walikuwa wanakula tangu siku ya kwanza wala hawakusubiri ukoo uishe, hilo nakubali. Ila ukiniuliza nia ya mtoaji, kati ya Alice na mzee wa Lamu aliewawekea wajukuu wake mnazi, sijui kwanini yule wa Lamu aonekane ndo mchoyo.